Nyumba Kubwa ya Familia

Gogo Hlengiwe Sibiya, 'gogo' kwa Kizulu ni bibi, alikutwa amelala kifudifudi chini ya ngazi za baraza lake, kichwa chini, miguu juu, kiatu kimoja kimemvuka. Langoni palisimama bango la wauza nyumba: INAUZWA. NYUMBA KUBWA YA FAMILIA. Kibandiko chekundu kilikuwa kimeyakata maneno hayo kwa mshazari: IMEUZWA.

Aliyemkuta ni yule yule aliyeinunua. Chantal Mwamba, fundi cherehani, mzaliwa wa Lubumbashi, alikuja asubuhi na utepe wake shingoni kupima madirisha ya mapazia. Alipiga ukelele uliotoa watu mtaa mzima wa Bez Valley, Johannesburg. Wareno walitoka na mkate mdomoni, Wazimbabwe na sabuni masikioni, Wasomali wakaacha duka wazi. Kila mmoja alimwita Mungu kwa lugha yake, mpaka nadhani Mungu siku hiyo alihitaji mkalimani.

Inspekta Nokwazi Mthiyane alifika akichechemea. Alikuwa mwanamke wa mwili, mwenye sugu za vidole zilizomfanya achukie viatu kuliko alivyochukia wezi.

"Ameteleza, Inspekta," alisema Sajini Abrahams, mrefu kama nguzo ya simu. "Itazame hii nta. Hata inzi akitua hapa lazima ajishikilie."

Baraza lilikuwa limepakwa nta nyekundu, linang'aa. Inspekta alipanda ngazi mbili, akashuka, akainua mguu kutazama soli yake. Nyekundu. Akainama juu ya maiti, akakitazama kiatu kilichobaki mguuni, kisha kile kilichovuka.

"Abrahams, soli zako zina rangi gani?"

"Nyekundu."

"Na zangu?"

"Nyekundu."

"Na za huyu bibi aliyeteleza?"

Sajini alichutama. Soli zilikuwa safi.

"Labda aliruka," alisema.

"Na magoti yale? Umri ule? Aliruka?"

Daktari Naidoo, mchunguzi wa maiti, alimaliza ubishi huo kabla ya chakula cha mchana. Damu ilikuwa imetuama mgongoni, si kifuani. Kisogoni palikuwa na jeraha lililonyooka, kama la ukingo wa kitu kigumu.

"Alikufa jana jioni," alisema. "Alilala chali muda mrefu, kisha mtu akambeba, akamlaza pale kifudifudi."

"Alifia wapi?"

"Mimi husoma miili, Inspekta. Nyumba isomeni wenyewe."

Nyumba haikutaka kusomwa. Gogo alikuwa ameisugua yote kwa dawa ya madoa, maana hakutaka mgeni aje aseme kauziwa uchafu wa Wazulu. Mafundi wa maabara walipoziba madirisha na kupuliza ile dawa yao ya kutafutia damu, sakafu zote ziliwaka buluu, penye damu na penye dawa ya madoa sawasawa, kama kanisa siku ya Krismasi.

"Ama wamechinja ukoo mzima humu ndani," alisema Abrahams, "ama bibi alipenda usafi."

Hakuna aliyecheka. Ilikuwa nyumba ya vyumba vikubwa, dari za juu, na sauti ya mtu ilikwenda mbali kisha ikamrudia imebadilika kidogo. Jikoni kulikuwa na stoo ya chakula yenye rafu ndefu ya jiwe. Mlango wake ulikuwa wazi. Inspekta aliufunga, akasikia kitasa kikishika. Alipozunguka vyumba na kurudi, mlango ulikuwa wazi.

"Wewe umefungua?"

"Mimi nilikuwa uani nakojoa," alisema Abrahams. "Samahani, Inspekta."

Aliufunga tena. Sitaki kusema ni nini kilichoufungua. Nasema tu kitasa kilikuwa kizima.

Mkuu wa kituo hakuwa na habari na milango. Yeye alikuwa na Mkongo, na Mkongo alikuwa na ufunguo wa akiba, na jirani alikuwa amemsikia akigombana na marehemu siku ile ile ya kifo.

"Ana ufunguo, ana ugomvi, ana sababu," alisema. "Unataka nini tena, Mthiyane? Aje mwenyewe na pingu zake? Jumatatu anasomewa mashtaka."

Chantal alikaa mbele ya Inspekta, utepe bado shingoni.

"Mlikuwa mnagombania nini?"

"Alitaka kuahirisha kunikabidhi nyumba. Nikamwambia hapana. Nilipiga kelele, sikatai. Kelele ninazo, mama. Mikono ya kuua mtu sina."

"Kwa nini aliahirisha?"

"Alisema kuna mtu wake hajakubali kuhama."

"Mtu gani?"

"Hakumtaja. Na mimi ningemuuliza saa ngapi, mdomo wangu ukiwa na kazi namna ile?" Alijifuta macho kwa utepe. "Inspekta, mama yangu yuko Berea kwenye chumba cha kupanga. Watoto wa marehemu dada yangu wako Yeoville kwa watu. Mimi nalala chini ya meza ya cherehani. Nilitafuta nyumba ambayo mama akikohoa usiku nitamsikia. Nimeipata. Sasa mnaniambia nimemuua mwenye nyumba?"

"Nani anakuambia?"

"Macho ya bosi wako."

Inspekta aliyajua macho ya bosi wake.

Jirani aliyesikia ugomvi alikuwa Mzee Ferreira, Mreno wa Madeira, ambaye alipanda sukuma wiki ukutani ili apate sababu ya kuchungulia.

"Yule mama wa mapazia ulimwona akiingia. Ulimwona akitoka?"

"Nilimwona. Akatukana lango, akaenda zake. Jua bado lilikuwepo."

"Baada ya hapo?"

"Baada ya hapo nilimsikia bibi akimwita mdogo wake kula. Kila jioni alimwita. Nimekaa hapa miaka, Kizulu sikijui, lakini hilo nalijua: 'Njoo ule!'"

"Kwa hiyo Chantal alipoondoka, Gogo alikuwa hai. Mbona hukusema mapema?"

Mzee alilichuma jani la sukuma wiki, akalikunja, akalikunjua.

"Kwa sababu sijui nilimsikia siku gani, binti yangu. Jana pia nimemsikia. Na amekufa."

Ushahidi wa namna hiyo ungepelekwa mahakamani, hakimu angeomba maji ya kunywa.

Mdogo wake Gogo aliitwa Falakhe. Alikaa chumba cha nyuma, mlinzi wa ghala huko Jeppe. Jina lake maana yake ni urithi wake. Wazazi wengine hutoa jina bila kuwaza litakuja kumtafuna mtoto wapi. Alikuwa na mvi nyingi na macho ya mtu ambaye hajalala. Tangu msiba alikuwa akilala kanisani, kwenye benchi.

"Kwa nini hulali chumbani kwako?"

"Siwezi, dada Inspekta. Ananiita."

"Anakuitaje?"

"Kama zamani. Njoo ule."

Inspekta alihisi vinyweleo vikisimama, akavikemea kimoyomoyo.

"Mara ya mwisho ulimwona wapi?"

"Jikoni. Mzima. Nikaenda kazini."

"Ulifika kazini saa ngapi?"

"Nilichelewa. Teksi."

Ghalani walisema alichelewa kweli, na kwamba asubuhi aliondoka kabla hata wa zamu mpya hajafika. Lakini Johannesburg nzima huchelewa kazini na kuwahi kutoka. Ukikamata watu kwa hilo, utajenga gereza mpaka Pretoria.

Ijumaa Falakhe alikuja kituoni, kofia mkononi.

"Naomba ruhusa nimchukue dada yangu. Nimpeleke nyumbani Nquthu."

Hakumaanisha mwili. Mwili ulikuwa na gari lake la mazishi. Alimaanisha yule mwenyewe, aliyebaki pale pumzi ilipomtoka, ambaye asipoitwa na damu yake na kuongozwa kwa tawi la mkunazi wa porini, hubaki hapo hapo akizunguka. Inspekta hakuhitaji kuelezwa. Baba yake mwenyewe aliletwa hivyo kutoka mgodini. Mjomba aliyelishika tawi alimlipia marehemu siti, akamsimulia kila kona ya njia, na hakumsemesha mtu mwingine hata neno, maana akisema na walio hai, aliyekufa hupotea njia. Jamaa mmoja aliyetaka kuikalia ile siti eti ni tupu alizomewa na basi zima.

"Nakuruhusu," alisema Inspekta. "Kesho mchana. Nami nitakuwepo."

Kesho yake walisimama langoni: Inspekta, Abrahams, Chantal aliyeomba kuja, na Mzee Ferreira akichungulia juu ya mboga zake. Inspekta alivua viatu. Abrahams alidhani ni heshima. Nusu ilikuwa heshima, nusu ilikuwa kidole gumba.

Falakhe alikuja na tawi lake, lile la miiba miwili miwili, mmoja umenyooka, mwenzake umejikunja kama ndoano. Alipiga magoti chini ya ngazi, akaligusisha tawi mahali maiti ilipokutwa. Akamtaja dada yake, akataja sifa za ukoo, akasema twende. Basi. Kwa haraka, kama anayemsomea mtu tangazo la ukutani. Hakumwambia wanatoka kwa mlango upi. Hakumwambia wanashika njia gani.

Inspekta aliinamisha kichwa pembeni. Mjomba wake alikuwa amekaa chini mgodini karibu nusu siku, akimbembeleza baba kama mtoto.

Falakhe alisimama. Badala ya kuelekea langoni, alikata kushoto, akafuata ukuta kwenda nyuma ya nyumba.

"Anafuata mfuko wake," alisema Abrahams.

"Na asisindikizwe?" aliuliza Inspekta.

Aliondoka peku, na kwa mwili ule wote hakusikika. Mlango wa jikoni ulikuwa umesukumwa. Kutoka stoo ilitoka sauti ya chini, ya mtu anayelia na kunong'ona pamoja. Falakhe alikuwa amepiga magoti, tawi akilipitisha polepole sakafuni, chini ya rafu ya jiwe. Alikuwa analipapasa jiwe la sakafu kwa kiganja.

"Dada. Hlengiwe. Ni mimi. Kule mbele nimewadanganya watu, wewe huwezi kudanganyika. Inuka hapa ulipoangukia. Jishike hapa kwenye jani. Sasa tunasimama. Sasa tunatoka jikoni. Usiogope, nakushika."

Akageuka. Mlangoni alisimama Inspekta, viatu mkononi.

"Umemwinua hapa," alisema Inspekta. "Kwa nini hapa, Falakhe?"

Kimya.

"Nani alikuambia alifia hapa? Daktari hajui. Maabara hawajui. Mimi sikujua."

Abrahams alitokea nyuma akihema, Chantal nyuma yake.

"Jibu, mzee," alisema Abrahams. "Unaulizwa na polisi."

Falakhe alitikisa kichwa, akalionyesha tawi. Machozi yalimtoka, lakini mdomo ulibaki umefungwa.

"Anajifanya bubu. Nimtie pingu?"

"Hajifanyi," alisema Inspekta. "Hawezi kusema nasi. Ana abiria."

Alisimama akifikiri. Kisha akafanya jambo ambalo hawafundishi chuo cha polisi. Alipiga magoti, magoti yakalia kama mlango mbovu, akaliangalia tawi.

"Gogo Hlengiwe. Mimi ni binti wa Mthiyane. Nisamehe kukusimamisha njiani. Mdogo wako haruhusiwi kunijibu mimi. Naomba unisaidie. Muulize: nani alikuangusha?"

Abrahams alivua kofia.

Falakhe alifumba macho.

"Dada," aliliambia tawi, "unajua."

"Yeye anajua. Mimi sijui. Gogo, mwambie aseme."

"Ni mimi, dada."

"Muulize, kwa kitu au kwa mikono?"

"Kwa mikono hii. Nilikusukuma. Kisogo kikapiga rafu. Nilikuita, dada. Nilikuita mpaka chakula ulichonipakulia kikapoa."

"Nani alikupeleka barazani, Gogo?"

"Ni mimi. Nilirudi kutoka kazini kabla hakujapambazuka. Nilikubeba ulivyonibeba mimi utotoni. Nilijua watasema nta."

"Muulize kwa nini."

Falakhe alilishusha tawi kifuani.

"Ulibandika langoni kwa herufi kubwa. Nyumba ya familia. Mpita njia yeyote aliiona. Nikakuuliza, dada, nyumba ya familia inauzwaje? Mama alituambia hii ni ya Wasibiya wote, atakayepotea mjini arudi hapa. Haina mwenyewe, kwa hiyo haina muuzaji. Ukasema karatasi ina jina lako. Ukasema hayo maneno ya bango ni Kiingereza cha wauza nyumba tu, maana yake ina vyumba vingi. Nikacheka, dada. Vyumba vingi! Mimi niko chumba cha nyuma, nina mvi, sina mke, sina mtoto, nina hiyo familia tu, na kumbe ni vyumba vingi." Alivuta pumzi. "Ukaanza kuniambia, 'Falakhe, kule nyumbani nime...' Sikukuacha umalize."

Chantal alishika mdomo.

"Ni wewe," alisema. "Mungu wangu. Yule mtu wake ni wewe."

Falakhe alimtazama. Hakuweza kumuuliza.

"Aliniambia, 'Kuna mtu wangu hajakubali kuhama, na sitoki bila yeye. Nimemjengea chumba Nquthu, dirisha linatazama zizi la ng'ombe.' Nilidhani ni mjukuu. Nikamwambia mjukuu atakua, mwache. Akacheka. Akasema, 'Huyu hajakua mpaka leo.'"

Falakhe aliliangalia tawi, akasema neno moja tu: "Dada?"

Lilikuwa tawi tu, na majani yake yalikuwa yameanza kunyauka.

"Inspekta," alisema Abrahams polepole, "maneno aliyoliambia tawi hayatufai mahakamani. Tawi si afisa mwenye cheo."

"Najua."

"Basi tumkamate, tumsomee haki zake, aseme upya."

Alitoa pingu. Chantal akajitupa katikati yao.

"Hapana! Hapana, baba, nakuomba. Ukimkamata sasa hivi, huyu mama atabaki hapa hapa, mguu mmoja ndani, mguu mmoja nje. Mimi ndiye nitakayelala humu. Mama yangu na watoto watakula kutoka rafu hii. Nilinunua nyumba, Inspekta. Yeye sikumnunua. Mwacheni kwanza ampeleke kwao."

Inspekta alimtazama Chantal, akamtazama mzee mwenye tawi. Ripoti aliyomwandikia mkuu wa kituo baadaye ilisema mshukiwa alipelekwa Nquthu kwa ajili ya upelelezi zaidi. Haikusema nani alikaa wapi.

Katika gari la polisi, mbele kando ya Inspekta aliyeendesha, lilikaa tawi, limefungwa mkanda. Nyuma, ndani ya wavu, alikaa mshukiwa, na Sajini Abrahams magoti yakimgusa masikio.

"Miaka yote ya kazi," alinung'unika, "leo nanyang'anywa siti na kichaka."

"Shika adabu," alisema Inspekta. "Huyo ni mkubwa wako."

Falakhe alisema njia nzima, mdomo kwenye matundu ya wavu. "Dada, tunaiacha Johannesburg. Dada, tunavuka mto. Dada, hapa panaitwa Volksrust, usishuke, bado." Inspekta alipunguza mwendo penye kila daraja bila kuombwa.

Nquthu walikuta nyumba ya wazee na, pembeni yake, chumba kipya, plasta bado mbichi. Dirisha lilitazama zizi. Falakhe alipita bila kukigeukia. Aliingia nyumba kubwa ya duara, akalilaza tawi nyuma kabisa, wanapokaa waliotangulia, akamwambia dada yake amefika. Kisha akatoka, akanyoosha mikono, akamsemesha Inspekta kwa mara ya kwanza tangu mchana.

"Haya. Sasa niulize wewe."

Alisomewa haki zake, na siku iliyofuata alirudia yote mbele ya hakimu wa zamu ya Jumapili, kwa maneno machache zaidi. Inspekta alimpigia Chantal simu kutoka kule kule.

"Ameondoka?" aliuliza Chantal.

"Tumemlaza kwao. Jumatatu huendi mahakamani. Mlete mama yako."

Upande wa pili alisikia mtu akilia na mashine ya kushona ikiendelea.

Walirudi Johannesburg kesho yake. Siti ya mbele sasa ilikuwa tupu, na Abrahams akaiwahi kwa furaha. Falakhe alikaa peke yake nyuma ya wavu, amefungwa pingu. Walipofika daraja la kwanza, sauti yake ilipita kwenye matundu, ya chini, ya mtu anayebembeleza.

"Dada, tunavuka mto."

Abrahams aliacha kutafuna.

"Falakhe," alisema Inspekta, macho barabarani, "dada yako tumemwacha nyumbani."

"Hakukaa."

"Unasemaje?"

"Hakukaa, dada Inspekta. Amesema hakujenga kile chumba aje kukitazama peke yake."

Inspekta aliushika usukani kwa nguvu. Alimfikiria mama yake Chantal na vikohozi vyake.

"Anarudi kwenye ile nyumba?"

"Ile ameiuza. Ya watu hiyo." Alinyamaza, kama anayesikiliza. "Anakuja nami."

Hakuna aliyesema tena mpaka mjini, isipokuwa yeye, na hakuwa akisema nao. Kituoni Inspekta alizunguka nyuma, akafungua mlango wa wavu. Falakhe alishuka taratibu, akasimama pembeni, pingu mikononi. Abrahams alinyoosha mkono kuubamiza mlango.

Inspekta alimzuia.

"Nini tena?" aliuliza Abrahams.

"Subiri," alisema Inspekta, akiendelea kuushikilia wazi. "Mwache bibi ashuke."